Ukuta wa Kushika Udongo: Karatasi Yake Inaanzia kwa Jirani

(Mazungumzo ya redio juu ya amani katika mitaa. Yameandikwa hapa kwa ajili ya jamaa zilizohama vita, wenyeji wanaozipokea, na viongozi wa avenyu, karitie na komini.)

Leo mazungumzo yetu ni juu ya ukuta: ule ukuta unaojengwa kati ya parseli ya juu na parseli ya chini ili udongo usianguke. Mafundi wetu wanauita mir de sutenema. Sisi tutauita ukuta wa kushika udongo.

Wengine watauliza: ukuta na amani vinaingiana namna gani? Tusikilizane, na mtaona.

Katika mji wa milima kama Butembo, nyumba zimepangwa kama ngazi. Mtu akitaka mahali pa kusimamisha nyumba, anakata mlima upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Anapokata, anaacha ukingo umesimama wazi. Ukingo huo ni wa nani? Wa yule wa juu, ambaye nyumba yake imeegemea hapo? Au wa yule wa chini, aliyeukata? Swali hilo linangoja mvua tu.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, jamaa nyingi zimekimbilia Butembo. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni, wengine wengi walipanda kutoka kusini ya Lubero. Parseli nzuri, zilizo tambarare, zina watu tayari, tena bei yake ni kali. Kinachobaki kwa mtu asiye na pesa ni mteremko na kando ya korongo. Ndipo mgeni anapojenga, na ndipo udongo unapoanguka.

Ugomvi unaanza mara nyingi hivi. Mvua inanyesha usiku. Asubuhi choo cha wa juu kimening'inia, na jiko la wa chini limejaa tope. Wa juu anasema: "Umekula udongo wangu." Wa chini anajibu: "Maji ya mabati yako yameniharibia nyumba." Siku ya pili wanakwenda kwa shefu wa avenyu. Siku ya tatu neno limegeuka. Hawasemi tena ukingo, wanasema "hawa wageni" na "hawa wenyeji". Ugomvi wa metre mbili za udongo umekuwa ugomvi wa makabila na makwao. Wasikilizaji, udongo hauna kabila. Unafuata mteremko na maji, basi.

Sheria inasema nini

Katika nchi yetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 juu ya mali na ardhi, pamoja na marekebisho yake, inasema kwamba ardhi ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya anrejistrema inayotolewa na Konservateri wa Ardhi. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na muuzaji, mnunuzi na shefu wa avenyu ni ushahidi wa mapatano yenu. Itunzeni vizuri. Lakini si sertifika, na haiwezi kuchukua nafasi yake.

Jambo la pili ni kujenga. Kuwa na ardhi hakukupi ruhusa ya kujenga unavyotaka. Mambo ya miji yana sheria yake tangu dekre ya tarehe 20 Juni 1957, na amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 inaeleza namna ya kupata kibali cha kujenga. Kibali kinaombwa kabla ya kazi kuanza. Watu wengi wanadhani kibali ni cha nyumba za ghorofa tu. Ukuta unaobeba mlima juu ya vichwa vya watoto ni jengo, tena ni jengo la hatari kuliko chumba cha matofali.

Jambo la tatu ni lawama. Sheria ya kiraia, katika kitabu cha tatu, inasema kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Na mwenye jengo anajibu juu ya hasara jengo lake linapoanguka kwa sababu ya kutotunzwa au kujengwa vibaya. Maana yake ni hii: ukijenga ukuta mbaya na ukamwangukia jirani, utalipa wewe. Hutaweza kusema mvua ndiyo ilikosa.

Tuchukue mfano

Tuchukue jamaa mbili bila kutaja jina. Juu anakaa muzee mmoja mwenyeji; ana sertifika, na nyumba yake ni ya zamani. Chini anakaa mama aliyekimbia vita na watoto wake. Alinunua kipande cha parseli, ana karatasi ya mauzo tu. Kati yao kuna ukingo wa metre 2 urefu wa kwenda juu, na metre 10 za upana. Mama ameona ufa katika ukingo. Anataka ukuta kabla ya mvua kubwa. Afanye nini?

Hatua ya kwanza: jirani

Asianze na mawe, wala asianze komini. Aanze na muzee. Aende saa ya kupumzika, amsalimu, amwambie: "Muzee, shikamoo. Ninaomba ushuke tuangalie ukingo wetu pamoja." Aseme ukingo wetu. Neno hilo moja linafungua mlango ambao barua ya mwanasheria ingeufunga.

Wakiwa hapo chini, watazame vitu vitatu. Mpaka unapita wapi? Maji ya mabati na ya jikoni ya muzee yanaanguka wapi? Na nini kizito kiko karibu na ukingo huko juu: choo, tangi, mti mkubwa wa mkaratusi? Mara nyingi watagundua kwamba hasara inatoka pande zote mbili. Wa chini alikata mno, wa juu aliachilia maji.

Wakipatana, waandike. Karatasi moja inatosha, yenye mambo matano:

1. Ukuta utasimama upande gani wa mpaka.
2. Nani analeta mawe, nani simenti, nani mikono.
3. Maji ya juu yatapitishwa wapi mpaka kwenye mfereji.
4. Nani ataangalia ukuta na kuutengeneza kila mwaka.
5. Mama akirudi kwao siku amani itakapofika, au muzee akiuza, ukuta utakuwa wa nani, na je, kuna kitu cha kurudishiana.

Hilo la tano msilisahau. Jamaa iliyohama haichukui ukuta mgongoni. Wengi wamegombana siku ya kuagana, hali walikaa vizuri miaka yote. Karatasi iandikwe nakala tatu: ya juu, ya chini, na ya shefu wa avenyu, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Hatua ya pili: mpaka na karatasi za ardhi

Ofisi itauliza: nani ana haki juu ya parseli hii? Mwenye sertifika anaonyesha sertifika. Mwenye mkataba wa kupanga ardhi ya Serikali anaonyesha mkataba. Kama nguzo za mpaka hazionekani, waitwe watu wa Kadastre wapime kabla fundi hajachimba. Ukuta uliojengwa nusu metre ndani ya parseli ya mwenzako ni ugomvi uliopigwa simenti.

Na yule mama mwenye karatasi ya mauzo tu? Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuanza kutafuta karatasi zake mwenyewe huko Kadastre na kwa Konservateri. Ni njia ndefu, lakini ndiyo inayomlinda. Ya pili ni kwamba mwenye sertifika ya parseli, awe yule aliyemuuzia au jirani wa juu ikiwa ukuta utasimama upande wake, aombe kibali kwa jina lake, na mapatano yenu yawekwe ndani ya dosie. Ndiyo maana tulianza na jirani. Mgeni asiye na sertifika akigombana na wote wenye sertifika, mlango wa kibali umefungwa kwake.

Wanaokaa kwa ukarimu tu, yaani wamepewa kibanda uani bila kununua, wasijenge ukuta kwa jina lao. Wamweleze mwenye nyumba hatari waliyoiona, yeye ndiye aombe.

Hatua ya tatu: mchoro

Tafuteni mtu aliyesoma ujenzi achore. Kwa ukuta mdogo usiopita metre moja na nusu, fundi mwenye ujuzi anaweza kusaidia sana. Kwa ule unaopita hapo, au ulio chini ya nyumba ya mtu, tafuteni injinia. Mchoro unaonyesha parseli, mpaka, ukuta ukitazamwa kwa mbele, na ukuta ukikatwa kama mkate ili unene wake uonekane.

Hapa tueleze kidogo, maana viongozi pia wanapaswa kujua ukuta mzuri ukoje. Metre moja kyubu ya udongo uliolowa inakaribia tani 2. Ukuta wa mawe unashinda uzito huo kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo lazima uwe mnene chini. Kwa ukuta wa mawe na simenti, unene wa chini uwe kama nusu ya urefu wake au zaidi. Ukuta wa metre 2 uwe na metre 1 chini, na sentimetre 40 hivi juu, tena uegemee mlima kidogo. Kwa metre zetu 10, hiyo ni kama metre 14 kyubu za mawe, bila kuhesabu msingi. Mtu akikuambia atashika mlima kwa ukuta wa matofali ya mstari mmoja, anakuuzia kaburi.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa metre 2 bila njia ya kutoka, msukumo wake peke yake unaweza kupita ule wa udongo. Kwa hiyo mchoro uonyeshe matundu ya kutolea maji, kila metre moja na nusu hivi, yakiinama kuelekea nje. Nyuma yake kokoto, ili udongo usizibe matundu. Na mfereji mdogo juu na chini. Ukiona ukuta usio na matundu, ujue utaanguka, hata kama simenti yake ni nyingi.

Hatua ya nne: dosie

Dosie inapelekwa kwenye ofisi ya irbanismu ya komini. Fika kwanza bila dosie, uombe waandike orodha ya karatasi wanazotaka, ili usirudi mara tano. Kwa kawaida watataka barua ya kuomba, nakala ya karatasi ya ardhi, karatasi ya utambulisho, na mchoro. Ninyi ongezeni mapatano na jirani, hata kama hawakuyaomba. Ofisa akiona sahihi ya jirani, anajua dosie hii haitamletea mashitaka.

Watu wa ofisi watashuka kuangalia mahali. Muzee na mama wawepo wote wawili siku hiyo, pamoja na shefu. Kibali chenyewe kinatiwa sahihi na mkubwa mwenye uwezo kulingana na ukubwa wa kazi; waulizeni mapema ni nani, na itachukua siku ngapi.

Juu ya pesa tuseme wazi. Malipo ya Serikali yanaandikwa kwenye noti ya persepsio, yanalipwa mahali palipoandikwa humo, na unapewa kitansi. Pesa isiyo na kitansi haikupatii kibali. Inakupatia mtu atakayerudi kesho kudai nyingine. Jamaa maskini zikienda pamoja, watu watatu au wanne wa mteremko mmoja, zinasikilizwa vizuri zaidi, na injinia mmoja anaweza kuwachorea wote.

Kibali hakifanyi nini

Kibali hakikupi ardhi. Hakihamishi mpaka. Hakimzuii jirani kushitaki ukimletea hasara. Tena kina muda wake, soma tarehe. Na sahihi ya shefu wa avenyu, hata ikiwa na muhuri, si kibali cha kujenga.

Ofisi ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni karatasi inayokosekana, itafute. Lakini ikiwa wamesema mahali penyewe ni pabaya, usiwachukie. Kuna mlima ambao hakuna ukuta unaoweza kuushika. Kumbukeni Kalehe, katika Kivu Kusini, mwezi wa Mei 2023: maji na mawe yaliishukia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Huko mtu asingesaidiwa na ukuta wa parseli. Angesaidiwa na kukaa mahali pengine.

Siku ya kazi

Jengeni wakati wa jua. Msichimbe ukingo wote mara moja. Chimbeni kipande cha metre mbili tatu, jengeni, kisha endeleeni. Msingi ufike kwenye udongo mgumu, usikae juu ya udongo uliomwagwa. Watoto wasicheze chini ya ukingo uliochimbwa. Juu ya ukuta pandeni matete au majani mengine yenye mizizi mingi, na muzee aweke mfereji wa mabati yake kama alivyoahidi. Nakala ya kibali iwe pale pale kazini.

Kama mvua imekwisha kufika

Tunajua wengine wanasema: ninyi mnazungumza karatasi, na mimi nina ufa usiku huu. Kweli. Kuokoa watu hakuhitaji kibali. Ufa ukipanuka, mlango ukianza kugoma kufungika, mti ukiinama, maji ya tope yakitoka mahali pasipo na chemchemi, toka na watoto ulale kwa jirani. Mwambie shefu usiku huo huo. Geuzeni maji ya juu yasiingie kwenye ufa, funikeni ukingo kwa bashi, wekeni mifuko ya mchanga chini ya ukingo bila kuuchimba. Hayo ni ya muda. Ukuta wenyewe ungojee karatasi yake. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ukiujenga bila jirani, utaujenga mara mbili.

Kwenu viongozi

Shefu wa avenyu, wewe ndiwe wa kwanza kuona ufa. Kabla ya mvua, tembea mteremko wako pamoja na mwenyeji mmoja na mtu mmoja wa jamaa zilizohama, mwandike mahali pa hatari. Usitie sahihi mauzo ya kipande kilicho ndani ya korongo; leo unapata kitu kidogo, kesho unahesabu maiti. Ukisuluhisha ugomvi, andika prosevebali, na yule asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoisikia.

Bugumestre, awe raia au afisa aliyewekwa na utawala wa hali ya dharura ulioanza Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri, tunakuomba jambo moja: orodha ya karatasi na ya malipo ibandikwe ukutani mwa ofisi, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Mtu akijua bei na njia, hadanganywi. Asipodanganywa, hamchukii mwenyeji wala mgeni.

Wasikilizaji, turudi kwa muzee na mama. Kama wamepita hatua hizi, ukuta wao una sahihi mbili, mchoro mmoja na kibali kimoja. Mvua itanyesha, na kila mmoja atatoka asubuhi kutazama matundu kama yanatoa maji. Wataitana: "Mama, kwako kunatoka?" "Kunatoka, Muzee." Amani ya mtaa wetu inaanzia hapo. Mbaki salama.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika avenyu yetu, ni ukingo gani una ufa sasa? Nani anakaa juu, nani chini?
2. Maji ya mabati yangu yanaanguka kwa nani?
3. Jamaa iliyohama ikijenga kitu kwenye parseli ya mwenyeji, tunaandika nini kabla ya kuanza?
4. Ni nani kati yetu anajua kuchora au kusoma mchoro, na yuko tayari kuwasaidia wengine?
5. Ni siku gani tutakwenda pamoja kwenye ofisi ya irbanismu kuomba orodha ya karatasi?